Jedwali la ESPN la ugumu wa ratiba: linapofaa na linapopotosha

Kila Novemba mashabiki wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu hugombana juu ya swali lile lile: timu iliyopoteza mechi moja katika ratiba nyepesi ina haki gani ya kuitangulia iliyopoteza tatu katika ratiba nzito? Kabla sijamwamini yeyote katika ubishi huo, hufungua ukurasa wa ESPN, kituo cha michezo cha Marekani, wa takwimu za FPI (kipimo chake cha nguvu za timu), hasa jedwali lake la wasifu wa timu, ambalo husomwa bure.

Ubishi wenyewe unatokana na wingi wa timu. Katika ligi za soka tulizozizoea, kila timu hukutana na kila nyingine nyumbani na ugenini, kwa hiyo pointi zinatosha. Ngazi ya juu ya vyuo ina timu zaidi ya 130, na kila moja hucheza mechi 12 tu kabla ya fainali za konferensi (makundi ambamo timu hizo zimegawanywa) na mchujo wa kumpata bingwa. Hata ndani ya konferensi moja ratiba hazilingani: Big Ten ina timu 18 tangu 2024, lakini kila timu hucheza mechi 9 za konferensi, hivyo wapinzani 8 haiwaoni kabisa.

Ubora wa jedwali ni kwamba linatenganisha maswali mawili ambayo wachambuzi wengi huyachanganya. Safu ya SOS (ugumu wa ratiba) hupima ratiba ingeisumbua kiasi gani timu ya wastani miongoni mwa 25 bora. Safu ya SOR (uzito wa rekodi) hupima rekodi: timu hiyo ya wastani, ikipewa ratiba hiyo hiyo, ingekuwa na uwezekano gani wa kupata matokeo hayo au mazuri zaidi? Ya kwanza ni sifa ya waliopanga mechi, ya pili ni sifa ya waliozicheza.

Chukua msimu wa 2024. Indiana ya kocha Curt Cignetti ilishinda mechi 11 kati ya 12, ikiwamo moja ya 77-3 dhidi ya Western Illinois, timu ya daraja la chini. Haikukutana na Oregon wala Penn State, waliocheza fainali ya Big Ten, na ilipokutana na Ohio State ilifungwa 38-15. Kwa SOS peke yake ungeicheka, ilhali kushinda mara 11 ni kazi kwa timu yoyote, na hicho ndicho SOR inachokipa uzito. Alabama, kwa upande wake, ilimaliza na ushindi 9, na watetezi wake wakashika ugumu wa ratiba ya konferensi yake, SEC, kama ngao. Kufungwa 24-17 na Tennessee kunasameheka, lakini Vanderbilt na Oklahoma, zilizoifunga 40-35 na 24-3, zote zilimaliza ratiba ya kawaida zikiwa na ushindi 6 na vipigo 6. Kamati ya uteuzi iliiacha Alabama nje ya mchujo wa timu 12 na kuichukua SMU, timu ya chuo cha Texas, na kwa maoni yangu ilikuwa sahihi. Indiana na SMU zilipotolewa raundi ya kwanza, waliocheka walisahau upesi kwamba Tennessee ya SEC nayo ilichapwa 42-17 na Ohio State wakati huo huo.

Ikilinganishwa na hesabu ya ugumu wa ratiba ya zama za BCS, mfumo wa zamani wa kuchagua timu za fainali, iliyochukua theluthi mbili kutoka rekodi za wapinzani na theluthi moja kutoka rekodi za wapinzani wa wapinzani, hii ni hatua kubwa, kwa kuwa haidanganyiki na timu iliyojaza ushindi wa bure.

Hata hivyo, jedwali lina dosari ambayo siwezi kuifumbia macho. FPI huanza msimu kwa makadirio yanayotokana na matokeo ya miaka iliyopita, wachezaji wanaorejea na ubora wa vijana waliosajiliwa. Konferensi yenye jina huanza juu, kisha timu zake zikifungana zenyewe kwa zenyewe kila kipigo huhesabiwa kuwa kimetoka kwa mkubwa. Mechi za kuvuka konferensi, ambazo zingevunja mzunguko huo, ni chache na nyingi huchezwa Septemba. Tena jedwali huonyesha nafasi bila kiasi, kwa hiyo msomaji hawezi kujua kama wa 15 na wa 30 wametengana sana au wanakaribiana mno.

Anayetaka kuutumia ukurasa huu vizuri aanze na SOR, asiiguse SOS kabla ya Oktoba kwisha, na Agosti aitazame safu ya ratiba iliyobaki, hasa kwa timu za SEC, ambayo imeamua kuongeza mechi ya tisa ya konferensi kuanzia 2026.