Glavu moja, vitanda vitatu: yaliyonikuta wodi ya wazazi hapa Mwanza

Nimekaa nayo rohoni siku nyingi, leo naitoa. Mdogo wangu kajifungua kwa operesheni, hospitali siitaji jina. Thieta sina neno jamani, alikuwa macho akawasikia wanaulizana kwa sauti kama sindano ya antibayotiki imeshaingia kabla ya kisu, na wembe nilionunua waliurudisha, kumbe siku hizi hawanyoi, wembe unachubua ngozi vijidudu vinapata pa kuingilia. Nikajisemea hawa wanajua kazi.

Sasa ngoja wodini.

Siku ya pili au ya tatu hivi kaja nesi na toroli kusafisha vidonda. Mama wa kitanda cha kwanza kidonda kinatoa majimaji, akakibonyeza, akafuta, akafunga. Cha pili glavu zile zile. Sisi wa tatu, naona kabisa kidole gumba cha glavu kina doa la njano na kinakuja kwenye mshono wa mdogo wangu! Nikasema taratibu, sista samahani, si ubadilishe glavu kwanza? "Dada, we ndo daktari? Kama unazo lete." Hapo nikapandwa, nikamwambia hata wauza sangara pale Mwaloni wanasuuza kisu. Najua nilizidisha, ila hasira.

Nikashuka duka la dawa nikanunua boksi zima. Akavua zile, akavaa mpya juu ya mikono ile ile, hajanawa, na sanitaiza imejaa tele hapo ukutani hatua mbili tu! Shirika la Afya Duniani wanasema Afrika mpaka 20% ya wanaojifungua kwa operesheni wanapata maambukizi ya kidonda, sasa nikaelewa yanapitia wapi.

Nilitaka niseme msiende kabisa. Lakini usiku akaingia nesi mwingine, kijana wa kiume, kila kitanda anapaka sanitaiza anasugua mpaka kwenye kucha, anasubiri ikauke ndo anamgusa mtu. Akanikuta nashika bandeji, "Mama mkubwa, umenawa?" Nimetoka kula sato kwa mkono hata dakika kumi hazijaisha. Niliona aibu mimi.

Kwa hiyo sijui niwape sifa au lawama. Kidonda kimekauka vizuri, labda ni bahati, labda ni yule kijana. Tulivyoruhusiwa boksi lilikuwa na glavu zaidi ya nusu, nikamwachia yeye mkononi. Yule sista alikuwepo pembeni anatuangalia, sikumuaga.