Uzoefu wangu na umeme wa gari dogo kutoka Japani: moto huanzia wapi

Natumia gari dogo la milango mitano, injini ya lita moja, lililoingia nchini kupitia Bandari ya Dar es Salaam likiwa limeshatumika Japani. Kwa ulaji wa mafuta na kupenya kwenye foleni sina la kulalamika. Ninachotathmini hapa ni umeme wake, kwa sababu wanunuzi wengi wanauliza kilomita, rangi na matairi, halafu jambo linaloweza kuliteketeza gari likiwa limeegeshwa na funguo iko ndani ya nyumba hawaligusi kabisa.

Nyaya zilizofungwa kiwandani ni nzuri. Zimepitishwa ndani ya mirija ya plastiki, zimebanwa zisisuguane na chuma, na karibu kila njia ya umeme ina fyuzi yake. Hatari kubwa imo kwenye nyaya zilizoongezwa baada ya gari kushuka melini: redio, alamu, kifaa cha kufuatilia gari, taa kali, kamera ya nyuma. Kwa hiyo ukienda kukagua gari la namna hii usianze na injini. Lala chali chini ya usukani ukiwa na tochi uangalie kilichofichwa juu ya pedali. Ukiona tepu nyeusi imezungushwa ovyo na ncha za nyaya za rangi zisizofanana zimeunganishwa, hapo kazi yako imeanza.

Redio ndiyo chanzo cha mengi. Redio za Kijapani za miaka ya nyuma hupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, na masafa yetu ni 87.5 hadi 108. Ndiyo sababu karibu kila gari likifika linabadilishiwa redio, na waya wa kwanza kukatwa unakatwa hapo. Hakuna haja ya kukata. Nyuma ya redio kuna soketi ya kiwandani, na adapta zake zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya magari. Unachomeka upande huu soketi ya gari, upande ule redio mpya. Fundi mwenye haraka anaikata soketi, anasokota nyaya kwa vidole, anazungushia tepu, anarudisha dashibodi. Gari likishinda juani, gundi ya tepu inalainika na tepu inafunguka yenyewe. Kwenye redio mpya waya mwekundu unapata umeme funguo ikiwashwa tu, lakini wa njano una umeme saa zote, kwa sababu ndio unaotunza saa na stesheni ulizohifadhi. Waya huo wa njano ukibaki uchi na kugusa chuma cha dashibodi, hauhitaji gari liwe linatembea ili kuwasha moto.

Kiungo kinachokubalika ni kimoja kati ya viwili: kuchomelea kwa risasi kisha kuvika mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto, au kubana kwa kiungio cha shaba kwa koleo lake maalumu. Mrija uvikwe wayani kabla ya kuchomelea, utokeze angalau sentimita moja kila upande wa kiungo, kisha fungu lote lifungwe kwenye nyaya za gari lisining'inie. Kama umeongeza amplifaya, waya wake unaotoka betri uwe na fyuzi ndani ya sentimita 20 hivi kutoka kwenye betri. Wengi wanaiweka fyuzi kule kwenye amplifaya. Hapo inalinda amplifaya, lakini waya wote unaopita kwenye tundu la ukuta wa injini, mahali ambapo kingo za bati hukata, unakuwa hauna ulinzi wowote. Tundu hilo nalo lazima liwe na mpira wake.

Hili la fyuzi nalisisitiza kwa sababu linaeleweka vibaya sana. Fyuzi ipo kwa ajili ya kuulinda waya. Mtengenezaji anachagua waya kulingana na mzigo, kisha anaweka fyuzi itakayokatika kabla waya haujapata joto la kuyeyusha ganda lake. Fyuzi ya ampea 10 ni nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 30 kijani. Nyekundu ikikatika na mtu akachomeka ya kijani, ameruhusu mkondo mara tatu, na joto ndani ya waya linapanda kwa mraba wa mkondo, yaani mara tisa. Waya mwembamba wa nusu milimita ya mraba hauwezi kuvumilia hilo. Ganda linayeyuka, waya wa jirani unavuliwa nguo, na sasa una shoti kwenye njia mbili. Kuweka karatasi ya sigara au uzi wa shaba mahali pa fyuzi ni hatari kubwa zaidi, kwa sababu huwezi hata kujua utakatika lini. Fyuzi iliyokatika mara moja badilisha kwa ileile. Ikikatika tena, acha, tafuta shoti. Ndani ya mfuniko wa kiboksi cha fyuzi kuna ramani ya ampea. Kwenye magari haya imeandikwa kwa Kijapani lakini namba zinasomeka. Linganisha kila fyuzi na ramani hiyo siku ya kwanza unapolipokea gari.

Taa za mbele. Balbu ya H4 ya kawaida ni wati 60 kwa taa kamili na 55 kwa taa za chini. Balbu mbili za 55 zinavuta takriban ampea 9. Zile za 100/90 zinazosifiwa barabarani zinavuta ampea 15 kwa taa za chini, na joto kwenye waya uleule linazidi mara mbili na nusu. Dalili zake ni soketi ya balbu kuwa ya kahawia na kuvunjika ukiishika, na swichi ya taa kwenye usukani kuwa ya moto. Kwa maoni yangu bakia na 60/55 na usafishe vioo vya taa. Anayelazimika kuongeza mwanga afunge relei mbili (swichi zinazoendeshwa na umeme), zipate umeme moja kwa moja kutoka betri kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, kila moja na fyuzi yake ya ampea 20, na soketi za balbu ziwe za kauri.

Betri ya gari hili ni ya umbo la B19, ile ndogo ambayo wengi wanaijua kwa jina la NS40. Kuna mtego hapa. Betri hizi zinakuja na vichwa vyembamba au vichwa vinene, na gari limetoka kiwandani na vibano vya vichwa vyembamba. Ukiuziwa yenye vichwa vinene, kibano hakiingii mpaka kipanuliwe kwa bisibisi. Ukirudia vyembamba, kinacheza, na watu wanashindilia msumari au kipande cha bati. Kibano kinachocheza hutoa cheche na joto wakati wa kuwasha, na pembeni yake betri inatoa haidrojeni inapochajiwa. Nunua betri yenye vichwa sahihi, au badilisha vibano vyote viwili. Herufi L au R mwishoni mwa namba nayo izingatiwe, maana inaonyesha upande wa chanya. Ukikosea, waya unavutwa na kupita juu ya chuma.

Kisha angalia kile kichuma cha kuishika betri isitembee. Kwenye magari mengi madogo niliyochungulia hakipo, au pamefungwa kipande cha mpira wa tyubu. Barabara ya vumbi yenye makorongo inatosha kuiegemeza betri mpaka kichwa cha chanya kiguse boneti. Waya mnene unaokwenda stata hauna fyuzi njiani, kwa hiyo shoti ya hapo ni mamia ya ampea. Kichuma hicho na kofia nyekundu ya plastiki juu ya chanya ni vitu vya bei ndogo kuliko vyote nilivyovitaja, na ningevinunua kabla ya redio.

Si kila kosa ni la fundi wa mtaani. Januari 2010 Honda iliita takriban magari 646,000 ya Fit, Jazz na City duniani kote yarudishwe kurekebishwa, kwa sababu maji yanayoingia dirishani yangeweza kufika kwenye swichi kuu ya vioo vya umeme na kuleta shoti. Mtoto alikuwa amekufa Afrika Kusini mwaka 2009 katika moto wa gari. Oktoba 2012 Toyota nayo iliita takriban magari milioni 7.4, yakiwamo Yaris, ambayo Japani wakati huo iliuzwa kama Vitz, kwa tatizo la grisi kwenye swichi hiyohiyo. Onyo lao linatuhusu moja kwa moja: usipulizie mafuta ya kulainisha kwenye swichi ya vioo inayokwama, kwani inaweza kuyeyuka na kufuka moshi. Huku kwetu kopo la kupulizia ndilo dawa ya kwanza. Swichi ikikwama, ibadilishe, na mvua ikinyesha usiuache wazi mlango wa dereva. Namba ya chesisi unaweza kuiingiza kwenye tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji ukaona kama kuna marekebisho ya usalama ambayo gari lako halikufanyiwa.

Sehemu nyingine ya kunusa ni nyuma ya kiboksi cha dashibodi upande wa abiria, kwenye feni ya AC. Majani na vumbi vikiifanya iwe nzito, inavuta mkondo mkubwa na kanekta yake inaungua taratibu. Kama feni inafanya kazi kwenye kasi ya mwisho tu, kuna kipande chake cha kupunguza kasi kilichokufa, kibadilishwe. Kamwe asikuunganishie mtu waya wa kuruka kinga yake ya joto.

Vipimo ninavyovifanya kwa multimita (mita ya kupimia umeme) ya kawaida ni vichache. Gari likiwa limepumzika usiku kucha, betri nzima isome karibu volti 12.6. Injini ikiunguruma, kati ya 13.8 na 14.5; ikizidi 15, alteneta inachaji kupita kiasi na betri itachemka. Kisha ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri: weka ncha moja kwenye kichwa cha hasi na nyingine kwenye bloku ya injini, mtu apige stata. Ikizidi volti 0.2, waya wa ethi umelegea au umeoza, na umeme utatafuta njia nyingine ya kurudi, hata kupitia kebo ya gia, ambayo haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Kipimo cha mwisho ndicho kinachofichua nyaya zilizoungwa kinyemela. Vua waya wa hasi, pitisha mita katikati ukitumia tundu la ampea 10, funga milango, subiri nusu saa. Usiwashe funguo mita ikiwa hapo. Kawaida ni chini ya ampea 0.05. Ukiona 0.3 au zaidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka isomeke chini. Njia uliyoikata ndiyo yenye tatizo. Na kama umechomoa zote na mkondo bado upo, basi kuna waya uliofungwa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi, au daiodi ya alteneta inavuja. Ufuate kwa mkono mpaka mwisho wake.

Umeme peke yake mara nyingi huishia kwenye moshi. Petroli ndiyo inayoufanya moto. Mpira wa injekta uliokakamaa, au hozi ya mafuta yenye nyufa, ukijumlisha na cheche ya kibano kinachocheza, gari linaisha. Ukisikia harufu ya petroli usiwashe hata taa ya ndani. Oili inayovuja kutoka kwenye kifuniko cha juu cha injini na kudondokea ekzosi nayo izibwe. Injini ioshwe kwa kitambaa. Mashine ya maji inasukuma maji ndani ya alteneta na kiboksi cha fyuzi.

Mtungi wa kuzimia moto wa unga wa kilo 1 unatoa unga kwa sekunde zisizofika 15, kwa hiyo haufai kukaa chini ya mizigo ya buti. Ufunge kwa kishikio mbele ya kiti cha abiria, mshale wa geji ukiwa kwenye kijani, na mara kwa mara uupindue na kuutikisa ili unga usigande. Moshi ukitoka, simama, zima funguo, toa watu wote, piga 114, namba ya zimamoto. Kama moshi unatoka mbele, vuta kile kitasa cha ndani tu, boneti ibaki imeachia kidogo, kisha pulizia unga kupitia upenyo huo ukilenga chini. Ukiifungua yote unauletea moto hewa usoni pako. Moto ukizimika, vua waya wa hasi, na gari livutwe kwa kamba mpaka waya uliounguza upatikane.