Uchambuzi wa Subaru: Kutoka Kiwanda cha Ndege cha Ota hadi Gereji za Kwetu

Watazamaji wetu, karibuni katika uchambuzi wa leo. Gari mnaloliona nyuma yangu ni Subaru Forester ya kizazi cha pili, yenye injini ya lita 2 na turbo, ambayo bado inaonekana sana katika barabara za Nairobi, Arusha na Dar es Salaam ingawa kizazi kilichofuata kiliichukulia nafasi kiwandani tangu mwishoni mwa mwaka 2007. Sitalikimbiza barabarani, kwa sababu video za namna hiyo zipo tele. Nataka tuichambue kampuni yenyewe, historia yake na sifa zake, kwa kuwa sidhani kama kuna jina jingine la gari la Kijapani linalogawanya watu kiasi hiki. Ukisema umenunua Toyota, watu hukuuliza bei. Ukisema umenunua Subaru, hukuuliza kama una fundi.

Hoja yangu naitanguliza mapema ili mnipime nayo. Mambo yanayosifiwa katika Subaru na mambo yanayolalamikiwa hayatoki sehemu mbili tofauti. Yanatoka katika uamuzi mmoja wa kihandisi, wa kuzilaza silinda za injini, uliofanywa katika miaka ya 1960 na watu waliokuwa wamejifunza kazi katika ndege, na ambao kampuni imekataa kuuacha mpaka leo.

Tuanze na hao watu wa ndege. Mwaka 1917, Chikuhei Nakajima, ofisa aliyekuwa ameacha kazi katika jeshi la majini la Japani, alianzisha maabara ya utafiti wa ndege mjini Ota, mkoa wa Gunma. Maabara hiyo ilikua ikawa kampuni ya Nakajima, mojawapo ya watengenezaji wakubwa wa ndege nchini Japani. Ndege ya kivita ya Zero, ambayo wengi huihusisha na Mitsubishi peke yake, ilirushwa na injini ya Sakae iliyobuniwa na Nakajima. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Wamarekani waliokuwa wakiitawala Japani walipiga marufuku utengenezaji wa ndege, na kampuni ikavunjwa vipande vipande. Wahandisi waliokuwa wakibuni injini za angani wakajikuta wakitengeneza chochote kilichoweza kuuzika. Mwaka 1946 walitoa pikipiki ndogo iliyoitwa Rabbit, ambayo mwanzoni ilitumia magurudumu ya mkia wa ndege za kudondosha mabomu yaliyokuwa yamebaki ghalani.

Mwaka 1953, vipande hivyo vilianza kuungana tena chini ya jina la Fuji Heavy Industries. Rais wa kwanza wa kampuni hiyo, Kenji Kita, ndiye aliyechagua jina la Subaru kwa ajili ya magari, yaani kundi la nyota ambalo sisi tunaliita Kilimia. Nyota kubwa katika nembo ni kampuni mpya, na zile tano ndogo ni kampuni zilizoungana. Gari la kwanza kuingia sokoni kwa wingi lilikuwa Subaru 360 la mwaka 1958, kazi ya mhandisi Shinroku Momose, ambaye naye alitokea Nakajima. Injini yake haikufikia hata sentimita za ujazo 360, lakini bodi yake ilijengwa kwa wepesi wa bodi ya ndege, na watu wazima wanne waliweza kukaa ndani.

Sasa naomba kamera isogee karibu, nifungue boneti.

Katika magari mengi, silinda zimesimama wima kwa mstari mmoja. Hapa huzioni, kwa sababu zimelala: mbili upande wa kushoto, mbili upande wa kulia, na pistoni za pande hizo mbili zinatazamana. Pistoni ya kushoto inapotoka nje, mwenzake wa kulia naye hutoka nje, hivyo msukumo wa mmoja unafutwa na msukumo wa mwingine, na ndiyo maana injini hii ikiwa nzima hutulia vizuri ikiwa imewashwa na gari limesimama. Jambo la pili ni kwamba injini iliyolala ni fupi kwa kimo, kwa hiyo uzito wake mwingi uko karibu na ardhi na gari haliinami sana kwenye kona. La tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kwamba injini, gia boksi na shafti inayokwenda nyuma vyote vimepangwa katika mstari mmoja katikati ya gari. Ukitaka kuyapa nguvu magurudumu yote manne, njia imeshanyooka.

Momose na wenzake waliuchukua mpango huu wa injini katika Subaru 1000 ya mwaka 1966. Wakati huo gari lilivutwa na magurudumu ya mbele tu. Kilicholeta magurudumu manne ni theluji: kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani, ilihitaji gari la kuwafikisha mafundi wake kwenye nyaya za milimani wakati wa baridi, lakini lisiwe na ugumu na baridi kali kama gari la wazi la aina ya jeep. Wakala wa Subaru katika mkoa wa Miyagi aligeuza gari la kawaida la mizigo midogo kuwa la magurudumu manne, kiwanda kikapendezwa, na mwaka 1972 likatoka Leone la familia lenye nguvu kwenye magurudumu manne. Leo jambo hilo linaonekana la kawaida. Wakati ule, aliyetaka kupita kwenye tope au theluji alinunua Land Rover au Land Cruiser na kuvumilia mitikisiko yake.

Marekani safari ilianza vibaya. Mwaka 1968, Malcolm Bricklin na Harvey Lamm waliingiza lile gari dogo la 360, na mwaka uliofuata jarida la Consumer Reports likaliweka katika daraja la magari yasiyokubalika kwa sababu za usalama. Kampuni nyingi zingefungasha virago. Subaru ilibaki, ikauza magari ya magurudumu manne kwa watu wa sehemu za theluji na kwa wale ambao matangazo ya magari yalikuwa yanawasahau, na sasa Marekani ndiyo soko lake kubwa kupita yote, likiishinda hata Japani kwa mbali.

Lakini sifa ya Subaru kwetu haikutoka Marekani wala Japani. Ilitoka kwenye vumbi la Safari Rally, mashindano ya magari ya Kenya.

Walioishi Kenya miaka ya 1990 hawahitaji kuelezwa. Mwaka 1993, Subaru ilileta Vivio, kigari chenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 660, kukabiliana na mawe ya Bonde la Ufa. Colin McRae, dereva wa mashindano kutoka Scotland aliyekuwa kwenye mojawapo, hakumaliza. Patrick Njiru, Mkenya, alimaliza na kushinda katika daraja lake. Mwaka uliofuata, Njiru akiendesha Subaru Impreza alishika nafasi ya nne kwa jumla, na jina lake likawa halitenganishwi na Subaru katika vinywa vya watu. Kisha McRae akashinda Safari ya mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akashinda ile ya mwaka 2000. Nje ya Kenya, kampuni ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1995, 1996 na 1997, na madereva McRae, Burns na Petter Solberg wakawa mabingwa wa dunia mwaka 1995, 2001 na 2003. Gari lilikuwa la buluu, lenye rimu za dhahabu na nambari 555 za kampuni ya sigara ubavuni. Sipendi kwamba tangazo la sigara lilibaki vichwani mwa watoto kwa namna ile, lakini lilibaki.

Kijana aliyesimama pembeni mwa njia akiwa na miaka 10, akamwagiwa vumbi na gari lile, leo ndiye mnunuzi. Hapo ndipo sifa ilipoanza kupinda. Magari ya mtumba kutoka Japani yalipopatikana kwa bei nafuu zaidi, wengi walinunua kumbukumbu ile ya mashindano na si gari la familia lenye mahitaji yake. Leo Kenya, Subaru inahusishwa na vijana wa mbio za usiku, na pia na askari wa upelelezi, kwa sababu hao nao wameyatumia. Kwa hiyo mzee wa watu akinunua Forester ya kumpeleka shambani, majirani wanamtazama kwa jicho jingine.

Hata ule mngurumo ambao wengine wanaupenda na wengine wanaulaani una maelezo. Katika injini za turbo za zamani kama hii, mabomba yanayotoa moshi kutoka silinda za pande mbili hadi kwenye turbo hayalingani urefu, kwa hiyo mipigo ya moshi hufika kwa mpishano usio sawa, na sikio hulisikia gari kama linakoroma. Baadaye Subaru ilisawazisha mabomba hayo katika baadhi ya magari, na mkoromo ukapungua. Kwa hiyo mkoromo ni wa kiwandani, ila ule mlio unaoamsha mtaa mzima saa nane za usiku ni wa mtu aliyeng'oa silensa (kizuia sauti cha bomba la moshi), na lawama hiyo haimhusu mhandisi yeyote wa Gunma.

Sasa tufike kwenye malalamiko yenye ukweli, na hapa sitawatetea.

Injini iliyolala ina silinda hedi mbili (vichwa vinavyofunika silinda) pale ambapo injini ya kawaida ya silinda nne ina moja. Maana yake ni hedi gasketi mbili (vizibo kati ya hedi na bloku ya injini), vifuniko viwili vya valvu, na sehemu mbili za kuvuja. Kwa kuwa hedi zimelala, oili na maji hukaa kwenye ukingo wa chini wa gasketi, na gasketi ikichoka uvujaji huanzia huko chini ambako mwenye gari hatazami. Injini ya lita 2.5 ya familia ya EJ (jina la ukoo wa injini za Subaru za wakati huo) ndiyo iliyojulikana vibaya zaidi, hasa zile za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, kiasi kwamba Marekani kampuni ililazimika kuongeza muda wa dhamana kwa baadhi yake na kuagiza dawa maalumu itiwe kwenye maji ya rejeta. Ya lita 2 haikupata sifa mbaya kiasi hicho, ila nayo ikichemshwa mara moja kwa sababu ya rejeta mbovu, haisamehe.

Injini hizi za EJ pia hutumia mkanda wa taimingi, unaolinganisha mwendo wa valvu na pistoni, nao ukikatika, valvu na pistoni hugongana katika nyingi kati yake. Mnunuzi wa mtumba asiyejua mkanda ulibadilishwa lini achukulie kwamba haujabadilishwa. Injini za FB, zilizoanza mwaka 2010, zina cheni badala ya mkanda, na huo ni unafuu wa kweli, ingawa za miaka ya mwanzo zililalamikiwa kwa kula oili na jambo hilo likafika mahakamani Marekani.

Kuhusu mafuta, ni kweli kwamba gari hili linakunywa. Kuyazungusha magurudumu manne wakati wote kuna gharama yake, na turbo ina ya kwake. Lakini kuna jambo baya zaidi ambalo wauzaji wa yadi hawalitaji: injini za turbo za soko la Japani ziliandaliwa kwa petroli ya daraja la juu ya huko, yenye okteni (uwezo wa kutolipuka mapema) nyingi kuliko petroli ya kawaida ya vituo vyetu. Ukiijaza ya kawaida kila siku kisha ukaikanyaga mlimani, mafuta hulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake, na pistoni ndizo zinazoumia.

Kampuni yenyewe nayo imewahi kujichafua. Mwaka 2017, mwaka uleule ilipoacha jina la Fuji Heavy Industries na kuitwa Subaru Corporation, ilikiri kwamba kwa zaidi ya miaka 30 ukaguzi wa mwisho wa magari ya soko la Japani ulikuwa ukifanywa pia na wafanyakazi wasiokuwa na idhini kamili. Kwa kampuni inayouza jina la uhandisi makini, hilo ni doa. Toyota, ambayo ilianza kununua hisa zake mwaka 2005 na sasa inashikilia takribani moja ya tano, haijaibadilisha injini yake. Badala yake, gari la michezo walilolitengeneza pamoja, la Toyota 86 na Subaru BRZ, lilizaliwa na injini iliyolala.

Je, ununue? Kwa anayeishi penye barabara ya udongo na mvua, anayesafiri na familia na mwenye nidhamu ya kubadilisha oili kwa wakati, Forester isiyo na turbo naipendekeza bila kusita. Yenye turbo namwachia mwenye fedha ya matunzo, na asiyekuwa nayo asijidanganye kwa bei ya kununulia.

Ukienda kuikagua, fika wakati injini ni ya baridi na ukatae kama muuzaji amekwisha kuiwasha. Tazama chupa ya maji ya rejeta kama yana utando wa oili, kisha iwashe, iache ipate moto, uangalie kama mapovu yanatoka mfululizo, na wala usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto. Ingia chini na tochi, upapase pale hedi inapokutana na bloku kila upande. Tairi zote nne ziwe za saizi moja na zimelika sawasawa, kwa sababu ukifunga mbili mpya na mbili kuukuu, magurudumu yanazunguka kwa kasi tofauti na difu ya katikati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, inasuguana bila kupumzika. Mwisho kabisa, kabla hujatoa hata shilingi, muulize fundi wako anavyobadilisha hedi gasketi za Subaru. Mafundi wengi walioizoea huitoa injini nje kwanza, kwani ikiwa ndani kuta za bodi zimeibana kushoto na kulia. Akikuambia ni kazi ya saa mbili bila kuitoa injini, tafuta fundi mwingine.