Mafunzo ya voliboli ya likizo mjini Malindi: maoni ya mzazi

Binti yangu wa miaka 15 alihudhuria mafunzo ya voliboli ya wiki tatu hapa Malindi katika likizo ya Desemba, nami nilikaa uwanjani karibu kila asubuhi. Ada ilikuwa shilingi 4,500. Nilimpeleka kwa sababu alirudi kutoka shule akiwa na maumivu chini kidogo ya pia ya goti, maumivu yanayowapata sana wachezaji wa mchezo huu kwa wingi wa kuruka, na huko shuleni alikuwa ameambiwa ajikaze.

Kocha hakumwambia ajikaze. Siku ya kwanza hata mpira hakumpa. Alimsimamisha juu ya kibao kifupi, akamwamuru ashuke, kisha yeye mwenyewe akageukia ukuta ili asikilize tu. Mguu wa kulia uligonga saruji kwanza, wa kushoto ukafuata. "Rudia, mwanangu, nataka kusikia mshindo mmoja," alisema, akimaanisha kwamba miguu yote miwili itue pamoja, magoti yakunjike na yaelekee vidole vinakoelekea, yasiangukiane kwa ndani. Walirudia zoezi hilo kwa takriban nusu saa, na kufikia wiki ya pili nilikuwa nimeanza kusikia tofauti nikiwa nimeketi mbali.

Kila mchezaji ana daftari ambamo miruko yake ya siku huandikwa, na idadi huongezwa kidogo kidogo au kupunguzwa goti linapouma. Siku tatu za wiki hufanyika kwenye saruji na mbili ufuoni. Mchanga hupunguza kishindo, hivyo goti hupata nafuu, lakini pia humeza nguvu ya kusukuma, na anayefanya mazoezi mchangani pekee anaweza kupoteza ule wepesi wa kugusa chini na kupaa papo hapo. Kuchanganya ni uamuzi wa busara. Ufuoni kulikuwa na faida nyingine niliyoipenda: upepo wa kaskazi uliyumbisha servi, yaani mipira ya kuanzisha mchezo, na wasichana wakalazimika kusogeza miguu ili waupokee mpira badala ya kuunyoshea mikono.

Baadhi ya wazazi walinung'unika kwamba watoto hukaa dakika mbili au tatu kila baada ya miruko mitano, kana kwamba muda waliolipia unapotea. Siafikiani nao. Nguvu ya kuruka juu kabisa huisha upesi na huhitaji muda kurudi, na mtoto anayerushwa huku amechoka hujifunza kuruka kimo kifupi na kutua vibaya.

Ninalishikilia jambo hili la kutunza magoti kwa sababu nimewafuata Malkia Strikers miaka mingi. Timu hii yetu ya taifa ya wanawake imetwaa ubingwa wa Afrika mara nyingi, ukiwemo wa mwaka 2023, na imecheza Olimpiki za 2000, 2004, Tokyo na Paris. Hata hivyo, Tokyo walipoteza mechi zote tano bila kupata seti, na Paris zote tatu vivyo hivyo. Vipaji tunavyo. Wengi wa wachezaji hao hupitia timu za shule kabla ya kuchukuliwa na klabu kama Kenya Pipeline au KCB, na ni katika miaka hiyo ya shule ambapo goti huharibika au kutunzwa.

Kasoro kubwa ilikuwa wavu. Wiki nzima ya kwanza ulifungwa kwenye mita 2.43, kimo cha wanaume, kwa kuwa ndoano za nguzo zilikuwa zimeshika kutu, ilhali wanawake huchezea mita 2.24. Sentimita 19 si kitu kidogo: wasichana walianza kupinda mgongo nyuma ili mpira upite, na kocha akatumia siku mbili kuwaondolea tabia hiyo. Maji ya kunywa nayo yaliisha mara mbili kabla ya saa nne, jambo lisilokubalika katika joto la Desemba.

Mafunzo mengine yatafanyika likizo ya Aprili. Nimekwisha kumwandikisha, baada ya kuonyeshwa ndoano mpya na kupima wavu kwa utepe wangu mwenyewe. Maji atabeba ya kwake.