Soko la Karume kwa sisi tunaouza mtumba mtandaoni, maoni yangu baada ya mwaka na nusu

Nimeulizwa sana inbox, "dada mzigo unachukulia wapi", na nilikuwa najibu mmoja mmoja, leo naandika yote kwa pamoja ili anayetaka kuanza asome hapa. Mzigo nachukulia Karume, Ilala hapa Dar, pale jirani na Machinga Complex. Sina belo, yaani lile furushi zima la mtumba lililofungwa, sina ndugu ananitumia kutoka Uingereza. Jumamosi naamka saa kumi alfajiri, saa kumi na mbili kasoro niko sokoni napekua, narudi na nguo 20 au 25, nafua, napiga pasi, napiga picha, naweka statasi na Instagram. Kazi ya kuajiriwa ninayo, nakaa mapokezi kwenye ofisi moja mjini, hii ni ya pembeni na ndio inanunua luku na gesi na kulipa basi la shule la mtoto. Karume naipa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja niliyopunguza nitaisema.

Kwanza niseme kwa nini sio belo, maana wengi wanataka kuanzia hapo na hata mimi ndipo nilipoanzia. Kuna ukurasa mmoja ulikuwa unatangaza mabelo ya magauni ya kiangazi, kilo 45, grade A, wanaweka na video wakifungua moja, gauni juu ya gauni zote kali. Nikatoa laki 4 na 80 yangu ya mchezo. Belo likaja, tukalikata na mdogo wangu sebuleni. Kumi za juu nzuri kweli, tukaanza kushangilia, tulivyoteremka chini tukakuta magauni ya kulalia, sketi za sare, zipu zimekufa, moja ina rangi ya ukuta mgongoni. Tulihesabu nguo 138, za kuweka kwenye picha zilikuwa 31. Nikapiga simu nikajibiwa belo ni bahati dada. Zilizobaki nikamuuzia mama mmoja wa Tabata mwenye meza kwa jero moja moja, na yule mama alifurahi sana, akaniambia hapa nitapata hela nzuri tu.

Hapo ndio nikaelewa kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia. Mwenye meza anauza belo zima. Asubuhi anauza kumi elfu, mchana tano, jioni anamwaga chini anaita buku buku, na hata ile ya jero kuna mtu anainunua. Sasa wewe wa mtandaoni gauni la buku utaliuzaje wakati boda tu kutoka Tabata mpaka Kinondoni ni 4,000? Mteja hawezi kulipia usafiri mara nne ya nguo. Maana yake sisi tunauza ile sehemu ya juu tu ya belo, chini yote kwetu ni hasara, na kwa mwenye meza hapo chini ndio kuna faida yake. Kwa hiyo mwache yeye anunue belo, abebe hiyo bahati, wewe nenda umlipe bei nzuri ya asubuhi uchukue za juu. Unalipa ghali kwa kipande kimoja lakini kila kipande unachobeba unakiuza. Mi toka nimebadilisha hivyo sijawahi kurudi kwenye belo.

Sasa Karume yenyewe. Muda ni kila kitu. Mabelo yanafunguliwa asubuhi na watu wa maduka na wenzetu wa mitandaoni wanakuwa wameshajipanga, belo likikatwa mikono inaingia kabla hata nguo hazijafika mezani. Ukifika saa nne za kuning'iniza zimeshaondoka, utakuta zimebaki zile ambazo watu 50 wameshazishika wakaziacha. Ushauri wangu usizunguke soko zima. Tafuta watu watatu au wanne wanaouza aina yako, mi nina wa magauni wawili, wa blauzi mmoja na wa masweta mmoja, nunua kwao kila wiki mpaka wakujue. Sasa hivi kaka yangu wa magauni ananipigia Ijumaa jioni ananiambia kesho nafungua ya Korea au kesho nafungua ya Ujerumani, na hiyo taarifa ina thamani kuliko punguzo la bei. Za Korea vitambaa vizuri lakini ndogo, kama wateja wako ni wadada wenye miili usibebe nyingi.

Bei mnaongea. Sio kugombana, ni kuongea. "Kaka hii mwisho ngapi?" "Nane dada yangu, ona kitambaa hicho." "Chukua tano, nabeba na hizi mbili." "Ongeza buku kila moja tufunge hesabu." Nafunga. Mtu ambaye ameamka saa tisa usiku kufungua mzigo wake hutakiwi kumkaba mpaka senti ya mwisho, na wengine pale ni watu walioanza upya baada ya soko kuungua Januari 2022, mzigo wote ukawa majivu na wakarudi na meza ya kuazima. Nawaheshimu sana wale watu.

Ukaguzi ndio kazi yenyewe na hapa naomba msome taratibu. Gauni nalishika mabegani nalinyanyua mwanga upite, matundu madogo ya wadudu mezani huyaoni, unayaona kwa mwanga tu. Halafu nageuza ndani nje naangalia kwapa. Kama kuna mstari wa njano na kitambaa kimekuwa kikavu kama karatasi, acha, huo hautoki hata uloweke wiki. Zipu napandisha na kushusha mara tatu, zile za kujificha ubavuni zinafia sana pale zinapopita mshono wa kiuno. Mpira wa kiuno nauvuta karibu na sikio, ukisikia unakatika katika kwa ndani kama tambi kavu huo umeshakufa, utavaliwa mara moja utalegea. Mshono wa nyuma navuta kidogo kwa vidole viwili. Mwisho bitana, watu wengi wanaisahau na mteja ndio kitu cha kwanza anachokiona akivaa.

Kuna siku nilipata gauni la kitani, kijani kibichi, lebo ya Ujerumani saizi 38, vifungo vya mbao mbele toka juu mpaka chini. Kifungo cha tatu hakipo. Wadada wawili walilishika wakaliacha kwa sababu ya hicho kifungo. Mi nikageuza ndani kwenye mshono wa ubavu pale lebo ya kufulia inaposhonewa, kifungo cha akiba kipo, kimeshonewa hapo toka kiwandani. Nikalipa 6,000, nikakishona mwenyewe usiku, gauni likaenda Dodoma kwa 25,000. Kwa hiyo kabla hujaacha nguo nzuri kwa sababu ya kifungo angalia kwanza huko ndani. Na kama ni kupunguza au kubana usihangaike, nje ya soko mafundi wapo na vyerehani vyao, unafanyiwa hapo hapo ukisubiri.

Nyumbani sipigi picha nguo haijafuliwa, kamwe. Ile harufu ya mtumba wateja wanaijua na wakiifungua kwenye mfuko wakaisikia hawarudi. Naloweka maji ya vuguvugu, sabuni ya unga na siki kidogo, nasuuza mara mbili, naanika kivulini upepo unapopita. Jiki sigusi kwenye nguo ya rangi.

Picha napiga saa mbili mpaka saa nne asubuhi, ukutani kwenye mwanga wa dirisha, bila filta, kwa sababu ukitia filta nguo ya maruni inakuwa nyekundu na mteja akiipata anakuona tapeli hata kama hukukusudia. Napima kwa futi ya fundi, kifua, kiuno, nyonga, urefu, naandika kwa inchi. Usiandike saizi ya kwenye lebo peke yake. Kumi ya Uingereza ni sita ya Marekani na ni 38 ya Ufaransa, mteja anajuaje ni ya wapi? Na kasoro naipiga picha yake peke yake nimeweka kidole hapo hapo. Doa dogo la ukubwa wa punje ya mchele, naliweka. Kuna watu waliniambia utafukuza wateja, mi nawaambia gauni lenye doa nililolionyesha limeuzika 12,000 na hakuna aliyelalamika, na mteja huyo huyo amenunua mara nne baada ya hapo. Yeye hawezi kushika, hawezi kugeuza ndani, amekuamini wewe umshikie. Hiyo ndio huduma anayoilipia, maana nguo yenyewe hata Karume angeipata kwa bei ndogo zaidi.

Bei naandika hadharani. Hii habari ya "bei inbox" siipendi, mtu ana dakika tano za mapumziko kazini anataka kujua anaweza au hawezi. "Niwekee" pia nimeacha. Anayelipa kwanza ndio nguo yake, na boda anailipia mteja. Wa mikoani natuma kwa basi kutoka stendi ya Magufuli Mbezi, namtumia picha ya risiti na namba ya basi kabla sijatoka hapo stendi.

Hesabu ya mwezi uliopita, ya kweli sio ya kuvutia watu. Magauni 22 nilinunua kwa 96,000. Sabuni na siki 6,000, bando 10,000, nauli zangu 8,000. Jumla 120,000. Niliuza 17, wastani 15,000, ikaingia 255,000. Imebaki 135,000 mkononi na magauni matano bado yapo. Hiyo ni Jumamosi moja ya kununua na jioni kama nane za kufua, kupiga picha na kujibu meseji. Anayekwambia utaacha kazi ndani ya miezi miwili muulize hesabu yake.

Mi pia sijaacha kazi kwa sababu biashara hii inategemea maamuzi ya wakubwa. Mnakumbuka 2016 nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mtumba ifikapo 2019, Rwanda wakapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola mpaka dola 2 na nusu kwa kilo, Marekani nao 2018 wakawasimamishia nafuu ya nguo kwenye AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru, wengine sisi tukarudi nyuma. Hoja ya viwanda vyetu naielewa na naiheshimu, natamani sana siku moja niuze gauni lililofumwa na kushonwa hapa kwa bei ya mtu wa kawaida. Mpaka hapo mtumba ndio unaovalisha watu. Na kwa wanaoanza, nguo za ndani za mtumba msiguse, TBS, wale wa viwango, wamezipiga marufuku na hata bila marufuku ni suala la afya ya mtu.

Nyota niliyopunguza sasa. Mvua za masika zikinyesha kunakuwa na tope, mizigo inafunikwa maturubai, na kukagua nguo kwa mwanga ule haiwezekani. Pili hakuna kurudisha, ukishalipa umelipa, ndio maana nimesisitiza ukaguzi. Tatu msongamano, simu weka mfuko wa mbele, pochi ndogo, hela zigawanye. Na mwisho wa mwezi usiende kama unaweza kukwepa, watu wanakuwa wengi na bei ya asubuhi inapanda, wiki ya pili ya mwezi ndio tamu.

Jumamosi hii siendi kwa magauni. Baridi ya Juni na Julai inakaribia, wateja wangu wa Njombe na Makete wameshaanza kuuliza masweta mazito na makoti, vitu ambavyo hapa Dar vinakaa chini ya meza kwa sababu hakuna anayevigusa na joto hili. Kaka wa masweta ameniambia ana belo la Kanada hajalikata, ananisubiri saa kumi na mbili.