Kutuma mizigo mikoani: kabla ya kuuliza bei, soma risiti

Mwezi wa tano nilituma jozi 18 za viatu vya kike kutoka Dar kwenda Songea kwa basi. Nilivipanga mwenyewe kwenye kiroba, nikashona mdomo kwa shazia na uzi wa bluu, nikaandika jina na namba ya mteja pande zote mbili. Mteja alipofungua alikuta jozi 11. Akanipigia picha mdomo wa kiroba: umeshonwa vizuri tu, ila kwa uzi mweupe.

Nikaenda ofisi ya basi lile na risiti yangu. Kijana wa dirishani akaisoma, akanirudishia. "Dada, hapa pameandikwa kiroba kimoja. Na kiroba kimoja kimefika."

Sikuwa na la kumjibu. Karatasi niliyoipokea kwa mkono wangu na kuitia kwenye pochi bila kuisoma ilikuwa upande wake. Jozi 7 kwa 14,000 ni 98,000, na jioni ileile nilimrudishia mteja kwa M-Pesa, maana yeye hakuwa na kosa. Ofisi ile niliichagua kwa sababu ilikuwa chini kwa 4,000 kuliko ya jirani.

Wauzaji wenzangu wengi wa mtandaoni mnaniuliza wapi ni rahisi kutuma, na mnachotaka ni bei na siku za kufika. Hayo mtajibiwa na kila dirisha mtakalosimama. Mimi nataka mtazame kitu ambacho hakuna anayekitazama: ule mstari wa risiti wa maelezo ya mzigo. Hapo karani huandika "box 1", "begi 1", "kiroba 1", anagonga muhuri, anaita anayefuata. Mzigo ukifika salama, mstari ule hauna kazi. Ukipungua, ndio shahidi wako pekee, na shahidi huyo anajua kuhesabu mpaka moja tu.

Risiti ya kukufaa ina mambo matatu: kilichomo kwa idadi, uzito uliosomwa kwenye mzani, na thamani kwa shilingi. Kisha igeuze. Nyuma kuna maandishi madogo ya kijivu yanayosema kampuni itawajibika kwa kiasi gani mzigo ukipotea, na ziko zinazosema haitawajibika kabisa kama thamani haikutajwa. Yasome ukiwa bado dirishani, kabla hujalipa. Piga picha pande zote mbili. Ndivyo ninavyopanga njia zangu za kutuma sasa, na bei huja baadaye.

Namba moja kwangu ni Posta, na sifichi kwamba ninaipenda. Najua wengi mnaihesabu kuwa ya barua na vyeti. Lakini nenda na kifurushi chako Posta Mpya pale Azikiwe, au tawi lolote lililo karibu, useme unataka EMS, huduma yao ya haraka. Kwanza mzigo unapanda mzani mbele yako. Kisha kuna fomu, na fomu hiyo inauliza kilichomo na thamani yake, hata kama karani hakukukumbusha. Unaondoka na namba ya herufi na tarakimu 13: herufi mbili, tarakimu tisa, mwisho TZ. Namba hiyo ni ya kufuatilia mzigo; namtumia mteja saa ileile, na kuanzia hapo hatuulizani tena "umefika wapi".

Bei ya Posta hufuata uzito na mahali unapokwenda, kwa hiyo aliye mbele yangu kwenye foleni na mimi tukiwa na kilo zilezile kwenda mji uleule tunalipa sawa. Kwa muuza mtandaoni hilo ni kubwa kuliko punguzo, kwa sababu naweza kumtajia mteja gharama ya kutuma usiku, nikiwa nyumbani na mzani wangu wa jikoni, na asubuhi isibadilike. Kama mteja hana haraka, kuna kifurushi cha kawaida, ambacho ni nafuu kuliko EMS na huchelewa zaidi. Na Posta inanifikishia wateja wa wilayani ambako basi humshusha mtu barabarani na kuendelea na safari.

Ubaya wake ni muda. Basi litafika kesho. EMS zangu za miji mikubwa huchukua siku mbili, mara nyingine tatu. Jumamosi mchana wamefunga, Jumapili usiende. Mteja anayetaka kiatu cha harusi ya kesho kutwa, Posta si yake.

Namba mbili ni mabasi, kwa masharti. Kwa kiroba kizito kwenda mji mkubwa, basi bado ni rahisi, na likiondoka usiku, mchana mteja anachukua mzigo. Ofisi zimejaa Shekilango, na nyingine ziko Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis. Ukitokea Kariakoo, nauli na muda wa kwenda Mbezi uvihesabu kwenye gharama ya kutuma, maana wengi hatuvihesabu na ndipo faida inapopotelea.

Sharti la kwanza ni leseni. Anayebeba vifurushi na vipeto vya watu kwa malipo anatakiwa awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na wenye mabasi wamo. Leseni ya basi ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ni ya kubeba abiria, usionyeshwe hiyo ukaridhika. Sharti la pili ni ule mstari. Nenda na orodha yako umeshaiandika: aina, idadi, bei. Mwombe karani aandike hivyohivyo kwenye risiti. Akikataa, ameshakwambia atakavyokujibu siku mzigo ukipungua.

Hapa niseme lililonikaa moyoni miaka yote. Ofisi nyingi za mabasi zina mzani, umewekwa pembeni, juu yake pamepangwa maboksi. Bei inatajwa kwa macho. Karani anautazama mzigo, anakutazama wewe, anasema 10,000. Wiki inayofuata kiroba kilekile, mji uleule, ni 15,000, kisa umekuja na Bajaji na umevaa vizuri. Mwanamke anayeanza biashara kwa mtaji wa 200,000 hawezi kupanga bei ya bidhaa kwa mtindo huu. Amekwisha kumwambia mteja kutuma ni 8,000, sasa akiongezewa 5,000 dirishani anazitoa kwenye faida yake, kwa sababu akimrudia mteja anaonekana tapeli. Halafu mzigo ukilala siku mbili upande wa pili kuna storeji, ambayo hakuna aliyeitaja wakati wa kupokea hela. Bandikeni bei ukutani, kilo ngapi shilingi ngapi, na storeji inaanza siku ya ngapi. Wapiga chapa wamejaa mjini, karatasi moja haiwashindi.

Kwa Unguja natumia boti. Mzigo wa asubuhi mchana uko mkononi mwa mteja, na habari ya mstari ni ileile.

Ndani ya Dar, bodaboda. Chukua wa kwenye programu ili jina na namba ya pikipiki vibaki kwenye simu, na usimpe mzigo ambao mteja hajaulipia. Kumpa konda mkononi, au dereva wa fuso anayepita njia hiyo, ndiyo njia ya bei ya chini kuliko zote. Hakuna karatasi hata ya kukukana. Sipendekezi.

Wenye wateja Muscat au Uingereza, jambo la kuangalia ni boksi. Kampuni za kupeleka vifurushi kwa ndege kama DHL hupima uzito na pia ukubwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000, kisha unalipa kilicho kikubwa kati ya viwili hivyo. Nilipima boksi la viatu langu la kawaida, 33 kwa 20 kwa 12, likatoa kilo 1.58, wakati viatu vyenyewe havifiki kilo moja. Mteja alikuwa analipia hewa. Siku hizi navitoa kwenye boksi, najaza karatasi ndani ya kiatu kisibonyee, navifunga kwa nailoni.

Juzi nilikuwa na jozi 24 za kwenda Mwanza, mteja ana haraka, kwa hiyo ni basi. Nilikwenda Shekilango na orodha yangu nakala tatu: moja ndani ya kiroba, moja ya kubana na risiti, moja nimeshamtumia mteja kwa WhatsApp. Dirisha la kwanza kijana alisema hawana muda wa kuhesabu viatu. La pili waliandika "kiroba 1" huku nikiwaeleza, nikachukua kiroba changu nikatoka. La tatu nilimkuta dada mmoja wa makamo. Alishusha maboksi kwenye mzani, akafungua kiroba, akahesabu jozi moja moja mbele yangu, akaandika: viatu vya kike jozi 24, kilo 16, thamani 336,000. Akatia sahihi. Bei yake ilizidi ya wale wawili kwa 2,000. Nikalipa, nikakaa pale nikashona kiroba kwa uzi wa bluu.