Maji ya kirikuu huku Kimara: nyota nne, ya tano kaikosa kwa ajili ya mpira

Wakuu, kuna dogo anauza maji kwa kirikuu (kapikapu kadogo ka mizigo) huku kwetu Kimara, Dar, simtanki la lita elfu moja nyuma, kapampu ka petroli na mpira mrefuuu. Mi mteja wake tangu ule mgao wa 2022 na kila vuli zikichelewa naona watu wanaulizana maji wanunue kwa nani, sasa acha nimseme, mazuri yake na mabaya yake.

Kwanza kwa nini yeye wakati maboza, yale malori ya maji, yamejaa Morogoro Road. Wauza maji karibu wote ukiwauliza haya ya wapi jibu ni moja, "ya bomba kabisa hayo". Huyu siku ya kwanza akaniambia "dada nisikudanganye, haya ya kisima, leo bomba hamna." Nikanunua palepale. Maana maji ya bomba ya Dar kwa sehemu kubwa sana ni ya mto mmoja tu, Ruvu, unaoanzia huko milima ya Uluguru, mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi ndo unatulisha sisi wa Kibamba, Mbezi, Kimara mpaka huko Tabata, na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo unalisha Tegeta kushuka mjini. Oktoba 2022 mto ulipopungua, uzalishaji ukashuka kutoka lita milioni 466 kwa siku mpaka kama milioni 300, mkoa ukatangaza mgao, leo nyie kesho wale, na sie wa mlimani hata siku yetu ikifika yanatoka usiku wa manane kwa kudondoka. Sasa boza lenye "maji ya bomba" wiki nzima, saa yoyote ukipiga lipo, limeyachota wapi?

Na kisima si tusi jamani. Jiji lenyewe lilipumulia visima, vile vya Kigamboni vya lita milioni 70 kwa siku rais alienda kuvizindua Novemba ya mwaka huohuo, na vya zamani huku mitaani vikafufuliwa. Ishu ni kwamba visima vya Dar havifanani, hiki maji matamu, cha mtaa wa pili chumvi tupu. Ukiuziwa ya chumvi jiko ndo litakwambia: sabuni haitoi povu, maharage yanachemka mkaa unaisha bado magumu, chai ya maziwa inakatika sufuriani unaiangalia tu. Kuna boza moja kubwa, jina naliacha, lilinimwagia ya hivyo, nikabaki nayo ya chooni na kudekia na hela ndo imeshaenda.

Huyu wa kirikuu kabla hajawasha pampu anafungua koki, anakukingia kwenye kikombe chako mwenyewe, unaonja. Hujayapenda, anafunga koki anaondoka, hana maneno. Na anakwambia kabisa leo nina ya kisima kile chenye chumvi kidogo, fulia tu, nakupunguzia, ya kupikia nakuletea jioni. Na jioni kweli analeta. (Ya kunywa nachemsha hata hivyo, awe yeye awe nani.)

Kingine ni kipimo. Simtanki lake unaliona limejaa mpaka mdomoni, likiisha limeisha, elfu moja ni elfu moja. Lile boza niliambiwa lita elfu tano, tenki langu la elfu tano lilikuwa na maji robo tayari, wakamwaga elfu tano zao zote na bado halijajaa, hiyo hesabu naomba mnisaidie.

Bei? Mgao ukianza anapandisha kama wenzake, petroli yake, foleni ya kisimani anakaa yeye, sawa. Ila ukikumbuka kwamba yuniti moja kwenye bili ya maji ndo lita elfu moja hizohizo roho inauma sana, na wanaoumia zaidi ni wapangaji wasio na tenki wanaonunua dumu dumu kwenye guta, huko lita inapigwa bei kuliko hata yangu.

Sasa mpira. Aisee mpira ule unatoka kwenye gari unapita mtaroni, unalala kwenye tope, unapita walipolala mbwa, halafu ncha hiyohiyo dogo anaitumbukiza ndani ya tenki lako. Nimemwambia, "mdogo wangu, futa hata na kitambaa", anacheka, "dada maji yenyewe si yanausafisha." Hapana bwana. Siku hizi ncha naishika mimi, namwagia maji ya jiki kwanza ndo iingie. Nyota ya tano atapewa akinunua kamba ya kuuninginiza ukutani, basi.

Nilimtania kwamba bwawa la Kidunda kule Morogoro likikamilika, lile la lita bilioni 190, Ruvu itakuwa na maji kiangazi chote yeye atafute kazi nyingine. Akaniangalia, akaangalia mlima wetu, akasema "mabomba ya huku juu nayo wanabadilisha?"

Mkitaka namba yake muulizeni bodaboda yeyote wa kijiweni wanamjua. Oda mpigie usiku, asubuhi akiwa kwenye foleni ya kisima hapokei simu ya mtu, na ukiwa na geti jembamba mwambie mapema aje na mpira wa pili.